Mwalimu Nyerere: Kutoka Bao la Butiama hata Zama za Kompyuta

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yatokapo, swali moja hurudi mabwenini na majumbani: kijana achague masomo gani? Apendaye Biolojia huambiwa aachane na Hisabati. Apendaye Historia huambiwa asiiguse Fizikia. Naye atakaye kompyuta hudhani kwamba akiijua mashine hiyo hana haja ya kujua jambo jingine lolote. Huko vyuo vikuu mambo yanakwenda kinyume cha hayo. Katika shahada za uzamili na uzamivu, yaani shahada ya pili na ya tatu, kuna elimu inayozikusanya taaluma nyingi mahali pamoja. Mtaalamu wa kompyuta huketi meza moja na mtaalamu wa samaki, wa mvua au wa maradhi, na mwanahisabati akiwa kati yao, na kila mmoja hana budi kujifunza lugha ya mwenziwe.

Kwa ajili hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu maisha ya mtu wa mkoa huu huu wa Mara. Hakuwa mtaalamu wa kompyuta hata kidogo. Lakini alisoma kwa namna hiyo ya kuchanganya, tena ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi yetu mashine hizo zilipoingia mara ya kwanza, na ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi zilipopigwa marufuku. Wengi wetu twamjua kwa siasa zake. Hapa tutamtazama kama mwanafunzi na kama mwalimu.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi huyo. Husemwa kwamba mvua kubwa ilinyesha siku aliyozaliwa, ndipo akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Alilelewa kama watoto wenzake: alichunga mbuzi, alilima na mama yake, alilala katika nyumba ya udongo. Na alicheza bao. Mchezo huo alijifunza kwa wazee, akaupenda mpaka uzeeni.

Watu huuona mchezo wa bao kuwa wa kupitisha wakati, lakini aujuaye vizuri hahesabu kete za shimo moja tu. Kabla hajanyosha mkono amekwisha kuzifuata kete zake kichwani, shimo kwa shimo, mpaka pale zitakapokoma, na ameona mwenzake atajibu nini. Kanuni ni chache na hazibadiliki, walakini matokeo yake ni mengi kuliko mtu anavyoweza kukumbuka. Kompyuta nayo haifanyi zaidi ya hayo: hufuata kanuni chache hatua kwa hatua bila kuchoka, mpaka jibu litokee.

Inasimuliwa kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, nchi ambayo leo imo katika Wilaya ya Bunda, alikuwa miongoni mwa wazee walioitambua akili ya kijana huyu, akamshauri Mtemi Burito ampeleke shule. Basi mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage akatoka Butiama akaenda Musoma, mwendo wa maili 26 hivi, akaandikishwa katika shule ya bweni ya Mwisenge. Tukumbuke kwamba wana wengi wa watemi wakati ule hawakupelekwa shule, na wa watu wa kawaida ndio kabisa. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu. Mwaka 1937 akapelekwa Shule ya Serikali ya Tabora, akakaa huko mpaka 1942, mwaka aliofariki baba yake. Mwezi Desemba 1943 akabatizwa na kupewa jina la Julius.

Mwaka huo huo wa 1943 aliingia Makerere, Uganda, ambayo siku zile haikuwa bado chuo kikuu chenye kutoa shahada. Alikwenda kusomea ualimu. Tazameni alivyosoma: alisoma kemia na biolojia, na pamoja na hizo alisoma Kilatini. Juu ya hayo aliandika insha juu ya hali ya wanawake, akayachukua mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill na kuyatumia kuyapima maisha ya jamii yake mwenyewe ya Kiafrika, jamii ambayo ndani yake mama yake alikuwa mmoja wa wake 22. Insha hiyo ikashinda katika shindano la Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa biolojia akashinda kwa falsafa! Siku hizi tungemwambia amekosea mchepuo.

Alitoka Makerere na stashahada ya ualimu mwaka 1945, akaenda kufundisha shule ya Wamisionari ya Mtakatifu Maria, Tabora. Masomo yake yalikuwa Biolojia na Kiingereza. Baada ya saa za kazi aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini bila kudai malipo. Kwa muda mfupi pia alishika kazi ya kukagua bei madukani, akaiacha alipoona ya kuwa taarifa zake juu ya wafanyabiashara waliopandisha bei hazishughulikiwi. Jambo hilo ni dogo, lakini lina maana kwetu, kwani hesabu zikikusanywa na asiwepo wa kuzitumia, kazi yote imepotea bure. Tutalikuta tena jambo hilo mbele, nalo litakuwa kubwa zaidi.

Mwezi Aprili 1949 alisafiri kwa ndege kwenda Uingereza. Alijiandaa kwanza kwa kozi fupi ya kemia na fizikia, kisha mwezi Oktoba akaandikishwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa shahada ya M.A. Hapa msomaji asichanganyikiwe: katika vyuo vikuu vya kale vya Scotland, M.A. ni shahada ya kwanza ya masomo ya sanaa, si ya pili kama ilivyo kwetu. Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na elimu ya jamii na desturi za watu. Mwaka wa pili alisoma historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwaka wa tatu alisoma sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alama zake hazikuwa za kushangaza watu. Wapo waliomzidi, na majina yao leo hatuyajui. Alichopata Edinburgh ni upana: alikwisha kuwa mtu wa sayansi aliyefundisha biolojia, akaongeza uchumi, sheria na falsafa, na vyote hivyo akavikalia mwenyewe akivifikiri kwa pamoja. Alihitimu mwezi Julai 1952.

Kumbe wakati uo huo, kusini yake katika Cambridge, jambo jingine lilikuwa linazaliwa. Tarehe 6 Mei 1949, majuma machache tu baada ya kijana wa Butiama kufika Uingereza, mashine iliyoitwa EDSAC ilifanya kazi kwa mara ya kwanza. Iliundwa na Maurice Wilkes na wenzake. Ilijaa chumba kizima, ikiwa na valvu za kioo kama 3,000, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchapa jedwali la vipeo vya pili vya namba, kazi ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuifanya kwa kalamu kama ana subira. Lakini maana ya EDSAC haikuwa ukubwa wake. Haikujengwa ifungiwe na wahandisi. Ilijengwa itumiwe na watu wa elimu zote. Mwaka 1950 ilitumika kujibu swali la Ronald Fisher juu ya urithi wa viumbe. Mwanakemia John Kendrew na wenzake waliitumia katika hesabu za kutafuta umbo la protini za misuli, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1962.

Hapo likaonekana tatizo. Mwanabiolojia hakujua kuiandikia mashine maagizo, na aliyejua kuyaandika hakujua biolojia. Basi mwaka 1953 Cambridge ikaanzisha masomo ya mwaka mmoja kwa watu waliokwisha kupata shahada katika elimu nyingine, kuwafundisha hesabu za takribu na matumizi ya kompyuta. Hayo ndiyo masomo ya kwanza ya namna yake duniani. Elimu ya juu ya kompyuta, basi, ilianza ikiwa elimu ya mchanganyiko. Mlango wake ulifunguliwa kwa mtu aliyekuja na swali lake mkononi kutoka kwingine.

Turudi kwa Mwalimu. Alirudi Tanganyika Oktoba 1952, akajenga nyumba Butiama kwa mikono yake mwenyewe, na tarehe 24 Januari 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel Magige. Akafundisha historia Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka huo akachaguliwa kuwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaundwa. Machi 1955 akaacha ualimu kwa ajili ya siasa. Yaliyofuata mpaka Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 mmeyasoma darasani, hatuna haja ya kuyarudia.

Alipoipokea nchi, yeye mwenyewe alipenda kutaja hesabu moja: baada ya miaka 43 ya utawala wa Waingereza, asilimia 85 ya watu wazima hawakujua kusoma, na nchi nzima ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Majuma machache kabla ya Uhuru, tarehe 25 Oktoba 1961, chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Kutoka hapo ndipo wangetoka wote: waganga, wahandisi, wanahisabati. Na kila mmoja wao alilipiwa na mkulima ambaye mtoto wake mwenyewe huenda hakupata hata darasa la kwanza.

Jambo hilo halikumpa Mwalimu usingizi. Serikali iliamua kwamba wahitimu walitumikie taifa kwa miaka 2, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na wa vyuo vingine wakaandamana mpaka Ikulu kuyapinga masharti hayo. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wa mawaziri wake vilevile. Wengi wa wanafunzi walirudishwa chuoni baadaye. Wazazi wanaosoma gazeti hili watakubaliana nami kwamba kumfukuza mwanafunzi ni adhabu nzito, tena nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa wasomi. Lakini mkubwa anayeanza kukata mshahara wake mwenyewe si rahisi kumwita mwonevu.

Mwezi Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Na katika miaka hiyo hiyo, akiwa na kazi zote za Urais, aliifasiri michezo ya Shakespeare katika Kiswahili: ule wa Julius Caesar uliotoka 1963, na Mabepari wa Venisi uliotoka 1969. Wapo waliosema kwamba alipoteza wakati. Mimi naona alikuwa akiijaribu lugha yake kama fundi ajaribuvyo boriti kabla ya kuezeka nyumba.

Sasa tufike kwenye mashine. Kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 kwa kazi za hesabu za Serikali. Nchi ilikuwa changa na ilijivunia kitu hicho. Lakini mashine ile ilikuja kabla ya watu wake. Wenyeji waliojua kuiandikia maagizo walikuwa haba mno, na nchi ikawategemea wageni. Tena mtu aijuaye mashine si lazima aijue hesabu ya Serikali, na mhasibu naye si lazima aijue mashine. Baina yao pakawa na shimo, na ndani ya shimo hilo fedha na kazi vikatumbukia. Hesabu zilizotarajiwa kwenda upesi zikakwama, watu wakarudia vitabu na mashine za kawaida. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Kijana wa leo atashangaa kusikia hivyo, pengine atacheka. Asicheke upesi. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa dhiki. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote, mvua zilikuwa zimekosekana, na fedha za kigeni zilitumika kununulia chakula nje. Mwaka huo huo ndio watu wengi walikuwa wakihamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu. Katika hali kama hiyo, mashine ya gharama isiyofanya kazi iliyonunuliwa kwayo haikuwa na mtetezi.

Na ni mwaka huo huo, mwezi Novemba, ambapo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana katika mji wetu wa Musoma, na Mwalimu akiwa mwenyekiti. Hapo ndipo lilipotoka Azimio la Musoma. Azimio hilo lilikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza, kila mtoto wa nchi hii apate elimu ya msingi, na kazi hiyo ikamilike kufikia mwaka 1977. La pili, mwanafunzi amalizapo Kidato cha Sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza kufanya kazi, na aingie chuoni baadaye akiwa na sifa njema kutoka kwa wale aliofanya nao kazi.

Watu wengi hulikumbuka la kwanza na kulisahau la pili. Kwa makala haya la pili ndilo lenye uzito. Mwalimu alitaka mtu aingiapo katika elimu ya juu aje na swali alilolikuta kazini, shambani, kiwandani au hospitalini. Ukiyaweka hayo kando ya masomo ya Cambridge ya 1953 utaona kwamba wazo halikutofautiana sana. Tofauti ilikuwa katika gharama. Miaka ya kungoja iliwavunja wengi moyo. Hisabati huchakaa upesi kichwani mwa mtu asiyeitumia, na msichana aliyeingia kazini mara nyingi aliolewa akabaki huko. Idadi ya wasichana chuoni ilishuka, hata baada ya muda mfupi wao wakaondolewa sharti hilo. Marufuku ya kompyuta nayo ilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980. Kwa maoni yangu, kuzuia mashine mpaka wapatikane watu wa kuzitumia lingekuwa jambo la busara kama watu hao wangekuwa wanafunzwa wakati ule ule wa kungoja. Walifunzwa wachache mno, na karibu wote ng'ambo. Hapo nchi ilipoteza miaka isiyorudi.

Ili tujue ni nini hasa kilichopotea, tutazame mfano wa hapa kwetu, ambao wanafunzi wa Bunda wauona nje ya mlango wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita 1,300,000. Sababu yake haikuwa katika mbuga. Ilikuwa katika mazizi ya ng'ombe kando ya mbuga: ng'ombe walichanjwa dhidi ya sotoka, na maradhi hayo yakakosa njia ya kuwafikia nyumbu, ndama wao wakapona. Nyumbu walipoongezeka, nyasi zilipungua. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ulipungua. Na moto ulipopungua, miti ikaota palipokuwa peupe.

Ni nani wa kuyaeleza yote hayo? Daktari wa mifugo ajua sotoka tu. Bwana nyama ajua nyumbu, mtu wa misitu ajua miti. Mwanahisabati aweza kuandika milinganyo inayofungamanisha idadi ya wanyama, majani na moto, lakini milinganyo hiyo haina jibu la kuandikwa mstari mmoja. Lazima ihesabiwe hatua kwa hatua, mwaka baada ya mwaka, mara elfu nyingi, na hapo ndipo kompyuta inapohitajika. Anayeiandikia programu asipojua kwamba nyumbu huzaa kwa msimu, atapata jibu zuri la uongo. Kazi hii ndiyo inayoitwa sayansi ya ukokotoaji. Haiwezi kufundishwa kwa kumpa mwanabiolojia kompyuta na kumwacha, wala kwa kumpeleka mtu wa kompyuta mbugani kwa siku mbili. Huhitaji miaka ya kufunzwa pande zote mbili.

Mwalimu aliacha Urais mwaka 1985 kwa hiari yake. Miaka michache baadaye alipewa kazi ambayo vijana wengi hawaijui. Toka 1987 hata 1990 alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Kusini, watu 28 kutoka nchi zinazoendelea, iliyokuwa na makao yake Geneva. Katibu Mkuu wake alikuwa Manmohan Singh, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa India. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Abdus Salam wa Pakistani, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Salam alikuwa na jambo lake. Mwaka 1964 alikuwa ameanzisha Trieste, Italia, kituo cha fizikia ya nadharia, ili wanasayansi wa nchi maskini wapate mahali pa kusoma na kufanya utafiti pamoja na wenzao, kisha warudi kwao wasilazimike kuhama moja kwa moja. Yeye mwenyewe alikuwa ameihama nchi yake kwa sababu ya upweke wa mwanasayansi asiye na wenzake. Basi mwalimu wa biolojia wa Tabora na mwanafizikia wa Trieste wakaketi katika tume moja. Taarifa ya Tume iliyotolewa mwaka 1990 ilisisitiza sana sayansi na teknolojia, na ikazihimiza nchi za Kusini ziunganishe nguvu katika utafiti na katika mafunzo ya juu, kwa kuwa nchi moja maskini peke yake haiwezi kuyagharimia. Nchi ambayo mwaka 1974 iliifunga milango kwa kompyuta, sasa mwasisi wake aliweka sahihi kwenye maneno hayo. Sidhani kwamba alijipinga. Mwaka 1974 alikuwa akiuliza nani alipe na kwa faida ya nani, na mwaka 1990 aliuliza swali lile lile, ila sasa aliwaona walipaji wengi.

Uzeeni alirudi Butiama. Alilima, alicheza bao, na aliandika tenzi za Injili na Matendo ya Mitume katika Kiswahili, zilizochapishwa mwaka 1996. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa ugonjwa wa saratani ya damu, akazikwa nyumbani, Mwitongo, Butiama, tarehe 23 Oktoba.

Baada yake mambo kadhaa yamefanyika. Butiama kimeanzishwa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina lake. Arusha iko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012 kwa ajili ya masomo ya uzamili na uzamivu, nayo ina shule nzima ya sayansi na uhandisi wa ukokotoaji na mawasiliano. Anayetoka humo atakutana na wenzake wanaosoma maji, nishati, kilimo na viumbe hai. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzia mtaa wa Lumumba, hutoa shahada ya uzamili katika uundaji wa mifano ya kihisabati. Na Makerere, ambako kijana Kambarage alisoma kemia na Kilatini na kushinda kwa insha ya falsafa, hufundisha uzamili wa bioinfomatiki, ambao ndani yake mwanafunzi mmoja husoma biolojia, takwimu na uandishi wa programu kwa wakati mmoja.